Bweni bubu nyuma ya shule: uchambuzi wa kisa kimoja cha ulinzi wa watoto katika halmashauri

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kilitokea katika halmashauri moja ya wilaya, Tanzania Bara. Majina ya wilaya, shule na watu wote yameondolewa, na mambo machache yanayoweza kumtambulisha mtoto yamebadilishwa. Nilikuwa miongoni mwa waliokaa kwenye kikao cha tathmini na kupitia majalada yote, ya elimu na ya ustawi wa jamii. Nakiandika kwa ajili ya maafisa elimu kata, maafisa ustawi, watendaji, madiwani na wajumbe wa kamati za ulinzi wa watoto, kwa sababu naamini bweni bubu kama hili, yaani nyumba ya kulaza wanafunzi isiyo na usajili wala usimamizi, lipo katika miji mingi midogo, na wengi wetu tumeshapita mbele ya nyumba hiyo.

Usuli

Mji wenyewe ni mdogo, umekaa kando ya barabara kuu ya malori. Mgodi hauko mbali na stendi hailali. Wazazi wengi wa pale ni madereva, wafanyabiashara wanaofuata mizigo Kariakoo, wafanyakazi wa zamu mgodini, na akina mama kadhaa waliokwenda Oman kufanya kazi za ndani. Mzazi wa namna hiyo akikutafuta hatafuti darasa tu. Anatafuta mtu wa kukaa na mtoto wake kuanzia saa kumi jioni mpaka saa moja asubuhi.

Shule ni ya binafsi, ya mchepuo wa Kiingereza. Ilianza kama kituo cha kulelea watoto mchana kwenye sebule ya mmiliki, ikakua, ikapata usajili wa awali na msingi. Usajili wake ni wa kutwa. Mwanzoni mmiliki alikaa na watoto wawili wa rafiki yake aliyesafiri. Baadaye wakaongezeka, akapanga nyumba iliyopakana na ukuta wa nyuma wa shule, akamweka mama mmoja wa makamo kuwa mlezi. Ada ya shule ililipwa benki kama kawaida. Fedha ya nyumba ile ilipokelewa kwa mkono na kuandikiwa kwenye kitabu cha risiti cha kununua dukani, kisicho na jina la shule wala mhuri, kila risiti imeandikwa "huduma ya jioni".

Jambo jingine la kukumbuka ni waraka wa Wizara ya Elimu uliosimamisha huduma ya bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne kuanzia tarehe 1 Machi 2023, isipokuwa kwa shule zenye kibali maalumu. Hoja ya waraka ilikuwa kwamba mtoto wa umri huo anahitaji malezi ya nyumbani. Nyumba ya nyuma ya shule ilikuwepo kabla ya hapo, ila ilikuwa na watoto wachache. Ilijaa baada ya waraka.

Nani alisimamia nini

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu bila kuelewa muundo huu, mtu anaweza kudhani kisa kizima ni habari ya uzembe.

Shule za msingi zinasimamiwa na Afisa Elimu wa halmashauri, anayewajibika kwa Mkurugenzi, chini ya TAMISEMI, yaani Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa. Kwenye kata anawakilishwa na Afisa Elimu Kata. Wathibiti ubora wa shule wako wilayani humo humo, pengine jengo la jirani, lakini wao ni watumishi wa Wizara ya Elimu na taarifa zao hupanda kwa njia yao. Afisa Ustawi wa Jamii yuko halmashauri, ila katika Divisheni ya Afya, Ustawi wa Jamii na Lishe, kwa hiyo mkuu wake wa kazi ni Mganga Mkuu wa wilaya. Kamati za ulinzi wa wanawake na watoto, zile zilizoundwa kutokana na MTAKUWWA, mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto wa mwaka 2017/18 hadi 2021/22, huratibiwa na Divisheni ya Maendeleo ya Jamii. Ukaguzi wa moto ni wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, lililo chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi.

Sasa weka nyumba ile katikati ya watu hawa. Afisa Elimu aliona shule ya kutwa iliyosajiliwa, na nyumba iliyo nje ya ukuta haikuwa shule. Kwa ustawi wa jamii, kanuni za makao ya watoto zilisomwa kuwa ni za watoto wasio na malezi ya wazazi, na hawa walikuwa na wazazi wanaolipa. Kanuni za vituo vya kulelea watoto wadogo ni za mchana, na nyumba hii ilifanya kazi usiku. Afisa afya wa kata alipopita kukagua vyoo aliiandika kama kaya, kaya yenye watu wengi. Kila mmoja alifungua kanuni zake akaona hazimhusu.

Lakini Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 94, inaipa mamlaka ya serikali za mitaa wajibu wa kulinda na kuendeleza ustawi wa mtoto aliye katika eneo lake. Wajibu huo umewekwa juu ya halmashauri yenyewe, wala haukugawanywa kwa divisheni. Hii ndiyo hoja iliyobeba tathmini yetu yote.

Waliojua, na walichojua

Mwenyekiti wa kitongoji alijua, kwa sababu mkataba wa kupanga ulipita mbele yake. Majirani walijua, kwa sababu kila alfajiri walisikia sauti za watoto wakioga uani. Afisa Elimu Kata alipita shuleni asubuhi moja akaona magodoro madogo yameanikwa juu ya ukuta wa nyuma. Aliuliza, akaambiwa ni ya watoto wa awali wanaolala mchana. Jibu hilo lilikuwa na ukweli ndani yake, naye akaridhika.

Mthibiti ubora alikaribia zaidi. Katika taarifa yake ya ukaguzi, kwenye sehemu ya ushauri, kuna sentensi moja inayosema baadhi ya wanafunzi wanalala kwa mlezi jirani na shule na kwamba mmiliki ashauriwe kufuata taratibu za kuanzisha bweni. Nakala ilipelekwa kwa Mkurugenzi, ikafika masijala, ikawekwa kwenye jalada la shule, jalada likarudi kabatini Divisheni ya Elimu. Afisa Ustawi wa Jamii, ambaye ofisi yake iko hospitali ya wilaya, hakuiona sentensi hiyo hadi siku tulipomwonyesha sisi.

Mfululizo wa matukio

Ijumaa moja baada ya magharibi, mtoto wa darasa la pili aliletwa kituo cha afya akiwa ameungua paja kwa maji ya moto. Haikuwa hali ya kutisha. Alisafishwa, akapewa dawa, angeweza kurudi nyumbani. Tabibu aliyekuwa zamu akaanza kujaza maelezo. Jina la pili la mtoto? Mama aliyemleta hakulijua. Umri? Alikisia. Simu ya mzazi? Ilikuwa kwenye daftari lililobaki nyumbani. "Wewe ni nani kwake?" Akajibu, kwa heshima tu na bila kujificha, "Mimi ndiye ninayelala nao."

Neno "nao" lilimshtua tabibu. Alimpigia Afisa Ustawi wa Jamii usiku ule ule badala ya kusubiri Jumatatu, na akaelekeza ipatikane PF3, fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi. Nasisitiza hapa, kwa sababu angeweza kufunga kidonda na kumaliza kazi yake, na hakuna ambaye angemlaumu.

Jumamosi asubuhi walikwenda watatu: Afisa Ustawi, askari wa Dawati la Jinsia na Watoto, na Mtendaji wa Kata. Walikuta vyumba vitatu na watoto 23. Mdogo kabisa alikuwa na miaka mitano, mkubwa 12. Vitanda vya chuma vya ghorofa, watoto wawili wawili, wa chini kabisa watatu. Madirisha yote yana nondo. Jiko la mkaa liko kwenye korido, na korido ndiyo njia pekee ya kutokea. Mlango mmoja. Usiku mlezi aliufunga kwa kufuli kwa ndani na ufunguo akaufunga kwenye pindo la kanga yake, kwa sababu aliwahi kupata mtoto aliyetembea usingizini hadi barabarani.

Maafisa waliniambia kitu kilichowasumbua kuliko vyote ni kwamba watoto walikuwa wametunzwa. Nguo zimefuliwa, kucha zimekatwa, kazi za shule zimefanywa. Walimwita mlezi "bibi" na wadogo walimng'ang'ania gauni. Hapakuwa na mtu mbaya wa kumnyooshea kidole pale mlangoni. Palikuwa na hatari, na palikuwa na mama aliyekuwa akijitahidi peke yake ndani ya hatari hiyo.

Maamuzi na sababu zake

*Kufunga leo au kutofunga leo.* Jumamosi mchana kikao cha dharura kiliitishwa ofisini kwa Mkurugenzi. Baadhi ya viongozi walitaka nyumba ifungwe kabla ya jua kuzama. Hoja yao ilikuwa nzito. Septemba 2020 moto uliua wanafunzi 10 katika bweni la shule ya msingi wilayani Kyerwa, mkoani Kagera, na nondo za madirisha zilitajwa sana katika mjadala uliofuata. Mjumbe mmoja aliuliza: nyumba hii ikiwaka usiku wa leo, baada ya sisi kuiona, nani atasimama mbele ya wazazi?

Afisa Ustawi alijibu kwa swali jingine: saa moja jioni hii, kila mtoto kati ya hawa 23, atalala wapi? Kwenye daftari la mlezi, watoto wengi waliandikwa kwa jina la kuitwa tu, na namba za simu nyingi hazikupatikana. Makao ya watoto ya karibu yalikuwa safari ya saa kadhaa. Kuwatawanya kwa yeyote atakayejitokeza kungekuwa ni kuwagawa.

Uamuzi ukawa huu. Nyumba isifungwe siku hiyo, lakini hatari iondolewe siku hiyo hiyo. Jiko lilitolewa nje kabla ya saa tisa. Fundi aliitwa akakata nondo za dirisha moja kila chumba. Kufuli liliondolewa, pakawekwa komeo la juu ambalo mtoto mdogo hafiki ila mtu mzima hufungua kwa mkono mmoja. Mwalimu wa kike na mhudumu wa afya ngazi ya jamii walipangwa kulala pale na mlezi kwa zamu. Ofisa wa Zimamoto alifika Jumapili, akaona, akaongeza mtungi wa kuzimia moto na kuwafundisha watoto kutoka gizani. Mkurugenzi aliweka sahihi kwenye muhtasari akijua kabisa kwamba anairuhusu kwa siku chache nyumba isiyo halali. Ulikuwa uamuzi wa kijasiri, na nauona kuwa sahihi. Septemba 2024, moto wa bweni katika kaunti ya Nyeri, Kenya, ulipoua wavulana 21, nilifikiria tena hoja ya yule mjumbe. Bado naona kwamba kukata nondo saa nane mchana kulilinda watoto wale kuliko kufuli jipya la serikali mlangoni.

*Kukabidhi mtoto kwa nani.* Ilitengenezwa fomu ya ukurasa mmoja. Anayemchukua mtoto alete kitambulisho, au barua ya mtendaji wa kijiji chake. Mzazi apigiwe simu mbele ya afisa na athibitishe kwa kutaja jambo kuhusu mtoto ambalo halimo kwenye daftari. Kisha mtoto aulizwe, pembeni, bila mchukuaji kuwepo: unamjua? Umewahi kulala kwake? Unataka kwenda naye? Sheria ya Mtoto inampa mtoto haki ya kutoa maoni katika mambo yanayomhusu, na kwa mara moja nimeona haki hiyo ikitumika kama chombo cha kazi.

Ilitumika kweli. Siku ya nne alikuja baba mdogo wa msichana wa darasa la tatu, kitambulisho kipo, simu ya mama imethibitisha. Mtoto alipoulizwa alinyamaza, akaangalia chini, akasema, "Kwa bibi." Afisa alirudia swali kwa njia nyingine, jibu likawa lile lile. Alisimamisha makabidhiano, akampigia mama yake aliyeko Muscat, Oman, kwa simu ya picha, akamweka mtoto azungumze na mama yake faraghani. Mwishoni mtoto alikwenda kwa bibi mzaa mama, wilaya ya jirani, na Afisa Ustawi akamfungulia jalada lake mwenyewe. Yaliyofuata kwa baba mdogo yako mikononi mwa vyombo vingine na siyaandiki.

*Shule.* Ilibaki wazi. Afisa Elimu alisema, na kikao kikakubali, kwamba kuifunga kungewaadhibu mamia ya watoto wa kutwa kwa kosa lisilo lao. Mmiliki alipewa katazo la maandishi na kuelekezwa kwamba akitaka bweni la madarasa ya juu afuate utaratibu wa kibali kwa Kamishna wa Elimu. Kuhusu fedha za "huduma ya jioni" zilizokwishalipwa, mmiliki alikubali kuzihamishia kwenye ada ya muhula uliofuata.

Matokeo

Ndani ya wiki mbili watoto wote 23 walikuwa wamekabidhiwa na nyumba ikafungwa. Taarifa ilipelekwa kwenye Kamati ya Elimu, Afya na Maji ya baraza la madiwani. Ilikuwa na picha za kabla na baada, orodha ya shule nyingine za binafsi zilizokaguliwa, na maneno "suala limehitimishwa". Kamati iliipongeza ofisi.

Robo iliyofuata, diwani mmoja wa viti maalumu alisimama. "Mheshimiwa Mwenyekiti, taarifa inatuonyesha majengo. Watoto wako wapi?"

Hakukuwa na jibu. Palikuwa na fomu 23 za makabidhiano, na baada ya hapo karatasi tupu. Mkurugenzi, kwa sifa yake, hakujitetea; aliagiza watafutwe mmoja mmoja. Kazi hiyo ilifanyika kwa simu, pikipiki na maafisa elimu kata wa wilaya nyingine, nayo ilichukua karibu mwezi mzima.

Watoto 14 walikuwa kwa ndugu na wanasoma, akiwemo yule wa kwa bibi. Watano walikuwa wamerudi mjini pale pale: watatu wakilala chumba cha kupanga cha mwalimu mmoja wa shule ile ile, wawili kwa jirani wa nyumba iliyofungwa. Ndugu waliowachukua walikuwa wamewatunza wiki chache, kisha mzazi akatafuta njia iliyo karibu na shule. Bweni bubu la watoto 23 lilikuwa limezaa mawili madogo, yasiyo na magodoro ukutani.

Wanne hawakujulikana walipo. Watatu walipatikana baadaye wakisoma shule za serikali wilaya nyingine. Kwenye PREM, mfumo wa Baraza la Mitihani ambamo kila mwanafunzi wa msingi ana namba yake na uhamisho hupitia humo, watoto wote wanne walikuwa bado wanafunzi wa shule ile ile ya binafsi. Hakuna aliyeomba uhamisho, hakuna aliyewaondoa. Kwa anayesoma takwimu ofisini, hakuna mtoto aliyepotea.

Wa nne, mvulana wa darasa la kwanza, hakuwa amepatikana mpaka tunamaliza tathmini. Simu ya baba yake haipatikani, na mtendaji wa kijiji kilichoandikwa kwenye fomu anasema hamfahamu aliyemchukua. Taarifa iko polisi na kwa Afisa Ustawi wa mkoa.

Uchambuzi: kilichofanya kazi

Kwanza ni swali la tabibu. Kifungu cha 95 cha Sheria ya Mtoto kinamtaka mwananchi mwenye taarifa ya haki ya mtoto kuvunjwa aifikishe kwa serikali za mitaa, na namba 116 ya kumsaidia mtoto ipo, haina gharama. Lakini majirani, mwenyekiti wa kitongoji na walimu hawakuona cha kuripoti, kwa sababu hawakuona ukatili. Tabibu hakuona ukatili pia. Aliona mtu mzima asiyejua jina la pili la mtoto anayelala naye. Kama tutafundisha kitu kimoja kwenye semina za kata, tuwafundishe watu kuona hilo.

La pili ni kuondoa hatari kabla ya kuondoa watoto. Halmashauri nyingi zinajua njia moja tu, kufunga, kwa sababu kufunga kunaonekana na kunapigwa picha. Siku zile za kusubiri, zenye mlango unaofunguka na mtu mzima wa pili, ndizo zilizowezesha makabidhiano yafanyike mtoto kwa mtoto.

Na la tatu, jalada la yule msichana. Kati ya watoto 23, yeye peke yake alitembelewa baada ya kuondoka. Afisa Ustawi wa wilaya ya jirani alikwenda kwa bibi mara mbili, akahakikisha ameandikishwa shule ya kijijini, akaandika taarifa. Kwa nini yeye? Kwa sababu alikuwa na jalada lenye jina lake, na jalada lina tarehe ya kurudiwa. Watoto 22 waliobaki walikuwa ndani ya jalada moja lenye jina la shule, na shule ilipomaliza kushughulikiwa, jalada lilifungwa na watoto wakafungiwa humo.

Uchambuzi: kilichoshindikana

Mgawanyo wa divisheni nimeshaueleza. Ila nisingependa ieleweke kwamba tatizo ni kukosa kikao. Wakuu wa divisheni hukutana kwenye timu ya menejimenti mara kwa mara. Tatizo ni kwamba kila mmoja huleta taarifa ya anachomiliki: elimu wanaleta madarasa na ufaulu, afya wanaleta dawa na chanjo. Hakuna aliyeleta watoto wanaolala nje ya kwao, kwa kuwa hakuna aliyetakiwa kuwahesabu.

Kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto ya kata ilikuwepo, na muhtasari wa kuundwa kwake tuliuona. Ilikutana vizuri wakati kulikuwa na mradi unaolipa nauli. Mradi ulipoisha, vikao viliisha. Mwenyekiti wa kitongoji na Afisa Elimu Kata wote ni wajumbe. Laiti wangekaa meza moja hata mara moja, mkataba wa nyumba na magodoro ukutani vingekutana.

Lakini kosa lililonigusa zaidi lilitokea mapema kuliko yote hayo. Tulipowauliza wazazi historia ya kila mtoto, ilibainika kuwa tisa kati ya 23 walikuwa kwenye mabweni halali ya shule nyingine hadi Februari 2023. Waraka ulipotoka waliondolewa, kama ulivyotaka. Wilayani, ofisi ya elimu ilifanya kazi yake: ilipita shule za bweni, ikathibitisha vitanda vya darasa la kwanza hadi la nne viko wazi, ikaripoti utekelezaji. Hakuna aliyeuliza watoto waliotoka kwenye vitanda vile wamekwenda wapi. Naunga mkono waraka ule. Mtoto wa miaka sita anapaswa kulala kwa watu wake. Lakini mama aliye Muscat kwa mkataba wa miaka miwili hakurudi kwa sababu ya waraka. Alitafuta "huduma ya jioni". Tulimtoa mtoto kwenye bweni lenye matroni, ukaguzi na milango miwili, akaishia kwenye nyumba yenye mlango mmoja, nasi tukaandika kwamba tumetekeleza. Kisha tulipofunga nyumba ile tulirudia jambo lile lile, neno kwa neno.

Yaliyobadilishwa, na lililobaki

Baada ya tathmini, Mkurugenzi alielekeza mambo ambayo hayahitaji bajeti mpya. Shule zote za halmashauri, za serikali na za binafsi, zinaandika kwenye daftari la usajili mtoto analala kwa nani, simu ya huyo na uhusiano wao, na orodha inarudiwa kila mwanzo wa muhula. Anayelala kwa asiye ndugu anatajwa kwa Afisa Ustawi ndani ya wiki. Nakala ya kila taarifa ya uthibiti ubora inapofika masijala inapita kwa Afisa Ustawi kabla ya kuwekwa kwenye jalada. Mtoto yeyote anayeondolewa mahali na halmashauri anafunguliwa jalada lake, na uhamisho wake kwenye PREM unafuatiliwa na Afisa Elimu Kata mpaka shule mpya impokee. Afisa Ustawi anayebeba kazi hii bado ni mmoja kwa kata nyingi, na pikipiki yake hutegemea mafuta ya ofisi ya afya. Kwa maoni yangu hapo ndipo utaratibu huu utakapokwama, fedha isipotengwa.

Safu ile mpya kwenye daftari ilifanya kazi haraka. Ndani ya muhula mmoja ilitoa nyumba nyingine mbili. Moja ilikuwa na hatari za wazi, ikashughulikiwa. Ya pili ni ya mjane, mwalimu mstaafu, anayekaa na watoto wanne wa wazazi wanaofanya kazi mgodini. Nyumba ina milango miwili, watoto wana vyandarua, kila mzazi anajulikana kwa jina na sura, na Jumapili huja kula pale. Afisa Ustawi alipendekeza mama huyu aingizwe kwenye orodha ya walezi wa kuaminika ili awe na utaratibu na usimamizi. Mwanasheria wa halmashauri alipinga: walezi wa kuaminika ni kwa watoto wanaohitaji ulinzi wa dharura, na hawa wana wazazi waliowapeleka kwa hiari. Nadhani mwanasheria yuko sahihi kisheria, na nadhani Afisa Ustawi yuko sahihi kuhusu anachohitaji mtoto. Halmashauri imeandika barua kwa Kamishna wa Ustawi wa Jamii kuomba mwongozo. Wakati jibu linasubiriwa, watoto wale wanne wanabaki kwa mama yule, kila mmoja ana jalada lake, na Afisa Elimu Kata anapita hapo kila Alhamisi jioni na kuweka sahihi.